Herufi GH katika Kiingereza: Koo za Maneno na Sauti Iliyopotea



Nitazungumza juu ya herufi mbili, g na h, zinapokaa bega kwa bega ndani ya neno la Kiingereza. Nimezichagua kwa sababu hakuna mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu ambaye hajaulizwa na mtoto: kwa nini night iandikwe na gh ilhali hakuna anayeitamka? Wengi tunajibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri. Jibu hilo halimfai mtoto. Linamfundisha kwamba lugha ya kigeni ni rundo la amri zisizo na sababu, na linamnyima njia iliyo nyepesi kuliko kukariri, nayo ni kuyajua maneno kwa koo zake. Maneno ya gh ni ndugu. Ukimjua mmoja, jamaa zake hawakupotei tena, wala maana zake.

Sisi wa Kiswahili tuna pa kuanzia, maana gh yetu ingali hai. Ghali, ghafla, ghala, shughuli, lugha: mtu wa pwani huitamka nyuma ya ulimi, hewa ikikwaruza bila kuzibwa. Sauti hiyo ilitufikia pamoja na maneno ya Kiarabu, na waliotangulia, waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikuwa na herufi moja ya kuionyesha, ghaini. Tulipohamia herufi za Kilatini, ambazo hazina ghaini, ndipo tukaiandika kwa mbili. Tena tuna jamaa yake, kh, inayosikika mzee wa Lamu au wa Unguja anapomwita Khamis. Shikeni sauti hizo mbili, kwa sababu Waingereza wa kale walikuwa nazo zote.

Kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipoitwaa Uingereza, neno la usiku liliandikwa niht. Binti ni dohtor, nuru ni leoht, nane ni eahta. Hiyo h ya katikati ilitamkwa kwa nguvu, karibu na kh ya Khamis. Atakaye ushahidi na awasikilize jamaa wa Kiingereza wanaoishi ng'ambo ya bahari yao. Mjerumani husema Nacht, Tochter, Licht, acht. Mholanzi husema nacht, dochter, licht, acht. Na wote wawili hukwaruza koo hadi leo. Nendeni mbali zaidi, hadi Uajemi: binti huko ni dokhtar. Umbali wa nchi ni mkubwa, lakini ukoo ni mmoja, na kh imo.

Sauti ya pili, ile ya lugha na shughuli, waliiandika kwa g. Kuvuta kulikuwa dragan, upinde ulikuwa boga, na g hiyo ilitamkwa sawasawa na gh yetu. Baadaye ililainika midomoni ikawa w: dragan ikawa draw, boga ikawa bow. Nitarudi kwa draw, kwani ina ndugu anayetusubiri.

Basi gh iliingiaje? Baada ya 1066 kazi ya kunakili vitabu ilikuwa mikononi mwa watu waliofunzwa kwa desturi ya Kifaransa. Kwao h ilikuwa herufi dhaifu, haikutosha kubeba sauti nzito ya niht. Kwa karne kadhaa wanakili walitumia herufi iliyoitwa yogh, yenye umbo kama tarakimu ya 3. Wengine wakapendelea kuunganisha g na h. Kisha ukaja uchapaji. William Caxton, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Bruges miaka mingi na kujifunza uchapaji Cologne, alifungua kiwanda chake Westminster mwaka 1476. Ufundi ulitoka bara la Ulaya, na yogh haikuwamo katika herufi walizozizoea mafundi wa huko. Gh ikashinda. Scotland baadhi ya wachapaji waliweka z mahali pa yogh, na ndiyo sababu jina la ukoo Menzies, kwa matamshi ya kwao ya asili, husomwa kana kwamba z ni ng.

Mafundi wa Caxton walituachia na jambo jingine. Neno la roho kwa Kiingereza cha kale lilikuwa gast, bila h. Wao walizoea tahajia ya Flanders, gheest, wakapachika h. Waliipachika hata katika neno la bata bukini, wakaandika ghoos, lakini huko haikudumu. Ilidumu katika ghost na jamaa zake wawili: ghastly, lenye kutisha, na aghast, aliyepigwa na bumbuazi kwa hofu. Ghost leo ni mzuka, lakini zamani lilikuwa roho, kama Geist ya Kijerumani ilivyo mpaka sasa. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 anayeshangaa kukuta Holy Ghost kwa maana ya Roho Mtakatifu amekutana na maana hiyo ya kale.

Tahajia ilipokwisha kutulia kwenye karatasi, sauti ikaanza kuondoka midomoni. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wachapaji wangechelewa karne mbili, huenda leo tungeandika nite na doter. Walitangulia, na maandishi yakahifadhi kilichokuwa kikifa. Kati ya karne ya 15 na ya 17 kh ya Kiingereza ilififia, na ilipoondoka ilirefusha irabu iliyoitangulia: nikht ikawa niit. Katika miaka hiyohiyo irabu ndefu zote za Kiingereza zilikuwa zikihama mahali pake kinywani, na ii ikageuka kuwa ai. Niit ikawa nait. Vivyo hivyo light, right, sight, might, fight, bright, tight. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, huona kwamba igh ni njia ya kawaida kabisa ya kuandika sauti ai, na hakosei tena.

Si kila mahali sauti ilinyamaza. Scotland ilibaki: kwa Kiskoti usiku ni nicht na ziwa ni loch, kh ikisikika wazi. Ireland ziwa huandikwa lough, na wapo wanaolitamka kwa mkwaruzo uleule. Na katika maneno machache ya Uingereza penyewe, kh iligeuka kuwa f. Jambo hili huwashangaza watu, lakini sababu yake ni nyepesi. Tamka kh baada ya u huku midomo ikiwa imeviringwa, na usikilize kwa makini: hewa inayopita midomoni inakaribia kuwa f. Vizazi vya watoto viliisikia kama f na kuitamka hivyo. Ndiyo asili ya f katika laugh, cheka; cough, kohoa; rough, lenye kukwaruza au lisilo laini; tough, gumu lisilokatika upesi; enough, la kutosha; trough, hori la kulishia au kunyweshea mifugo; na draught kwa Kiingereza cha Uingereza, mkondo wa upepo unaopenya ndani ya nyumba.

Mikoa haikukubaliana. Hapa watu walisema f, pale walinyamaza, na London ilipokea wageni kutoka kila upande. Neno la unga uliokandwa ni dough, husomwa do. Lakini kaskazini walilisema duff, na duff limebaki kuwa jina la aina ya chakula kitamu cha unga kinachochemshwa. Katika King Lear, Shakespeare anamfanya mchekeshaji wa mfalme atie vina daughter na after. Hatuwezi kuwa na hakika kama wakati ule daughter ilikuwa na f kwa baadhi ya watu au ni after iliyopotewa na f yake, lakini kina kile kinaonyesha jinsi matamshi yalivyokuwa bado hayajatulia.

Machafuko haya ya mikoa ndiyo yaliyozaa ough, kundi linalowatesa wanafunzi kuliko yote. Though, ingawa, husomwa dho. Through, kupitia katikati, husomwa thruu. Thought, wazo, ni thoot. Cough ni kof, rough ni raf, na bough, tawi kubwa la mti, ni bau. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kuna kanuni moja ya kuyapanga haya. Hakuna. Kila moja limetoka mkoa wake na zamani yake, na lazima lijifunzwe peke yake. Lakini hayo ni machache, na si haki yatutishe mbele ya mamia mengine yenye utaratibu.

Tena hata f ina mipaka. Mtasikia watu wakisema kwamba Kiingereza kinaweza kuandika neno la samaki kama ghoti: gh ya enough, o ya women, ti ya nation. Hoja hiyo ni ya zamani, imo katika barua ya mwaka 1855, na si ya kweli. Gh haiwi f mwanzoni mwa neno hata mara moja. Mwanzoni ni g tu: ghost, ghetto, Ghana. Inakuwa f mwishoni mwa mzizi, baada ya au au ou, basi. Ti nayo haiwi sh ikiwa mwisho wa neno. Mwenye kujua mipaka hiyo atalisoma ghoti goti, na hatakuwa na wasiwasi.

Sasa nije kwenye maana, kwani ndizo zilizonifanya niipende mada hii. Nilisema draw ina ndugu. Sauti ya kale ya dragan iligeuka w mbele ya irabu, lakini mbele ya t ilikuwa kh, ikaandikwa gh: draw, vuta, draught, mvuto, iwe wa hewa, wa kinywaji, au wa mnyama wa kukokota. Ukishaliona hilo, utaona utaratibu mzima wa kuunda nomino. See, ona, sight, uwezo wa kuona. Fly, ruka angani. Flight, safari ya angani. Weigh, pima uzito, weight, uzito. High, juu, height, kimo. Dry, kavu, drought, ukame. May, kuweza, might, nguvu. Hebu mwandikieni mwanafunzi jozi hizi ubaoni na mumwache azitazame. Ataanza kutabiri mwenyewe.

Utaratibu huohuo ndio ulio katika vitenzi tunavyowakaririsha watoto kwa sauti ya pamoja: think thought, bring brought, buy bought, seek sought, teach taught. Tangu kabla ya Kiingereza cha kale, k na g zilizogongana na t zilikwaruzwa na kuwa kh. Kwa hiyo gh ya taught ni ile k ya kale iliyokuwamo katika teach, na gh ya sought ni k ya seek, ambayo macho yanaiona hadi leo. Mgeni ni catch. Hilo limetoka Kifaransa cha Wanormani na halikuwa na haki ya kupata gh. Lakini lilikaribiana kwa sauti na kwa maana na latch, ambalo zamani lilimaanisha kukamata na lilikuwa na wakati uliopita wa aina hii, likaigiza na kuwa caught. Wageni wanaofuata mila za wenyeji hawapatikani katika ndoa na misiba tu.

Ukoo ninaoupenda kuliko wote ni wa ought. Mzizi ni agan, kumiliki. Humo limo own, kuwa na kitu kiwe chako. Limo pia owe, kudaiwa: aliye na mali ya mwenzake mkononi ana jambo la kurudisha. Na ought ni wakati uliopita wa owe. You ought to help him: unapaswa umsaidie, ni kama deni shingoni mwako. Tunawafundisha watoto kwamba ought to ni sawa na should, nao wanayachanganya yote mawili na must. Mwambie mtoto kwamba ndani ya ought kuna deni, na uzito wa neno utamwingia.

Work nayo ilikuwa na wakati uliopita wake wa kale, wrought. Sasa watu husema worked, lakini wrought iron, chuma cha kufuliwa, limebaki. Kutoka mzizi huohuo wa work lilitoka wright, fundi. Shipwright ni fundi wa kuunda meli, wheelwright ni fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na playwright ni fundi wa tamthilia. Ndiyo maana playwright haliandikwi na write. Kiingereza kinamhesabu mtunzi wa tamthilia kuwa miongoni mwa mafundi. Na wale ndugu wawili walioruka kwa ndege mwaka 1903, Orville na Wilbur Wright, walibeba jina la ukoo lenye maana ya fundi.

Neighbour ni nigh, karibu, na gebur, mkazi au mkulima. Jirani ni mkulima wa karibu. Nigh yenyewe imechakaa, lakini watoto wake tunawatumia kila siku: near mwanzoni lilimaanisha karibu zaidi, na next lilimaanisha karibu kuliko vyote. Ile bur ya mwisho ni ndugu wa boer ya Kiholanzi, mkulima, iliyotupatia neno Kaburu. Jirani na Kaburu, katika mizizi yao, ni watu wa jembe moja.

Naught, au nought, sifuri, limetokana na maneno matatu yaliyobanana: si, kamwe, kitu. Lilipotamkwa haraka bila mkazo likafupika na kuwa not, lile not la kila siku. Likapata pia mtoto, naughty. Mwanzo naughty alikuwa mtu asiye na kitu, fukara. Baadaye akawa mtu mwovu. Sasa ni mtoto mtundu. Huo ni mwendo wa kuhuzunisha, kutoka umaskini hadi uovu, na Kiingereza kimeurudia kwingine. Villain alikuwa mkulima wa shambani kabla hajawa mhalifu.

Na knight? Cniht alikuwa kijana, kisha mtumishi, kisha askari wa farasi mwenye heshima. Kwa Wajerumani Knecht alibaki mtumishi. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitamka neno hilo lote, k na n na kh na t, na mmoja wa watu wake mashuhuri katika The Canterbury Tales ni knight.

Fortnight, wiki mbili, ni usiku kumi na nne. Mrumi Tacitus aliandika katika karne ya kwanza kwamba watu wa Germania huhesabu usiku badala ya mchana. Watu wa pwani watalielewa hili haraka kuliko Waingereza wa leo. Kwetu siku mpya huingia jua linapotua, na asemaye usiku wa Ijumaa huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa.

Wapo walioingia ukoo huu kwa mlango wa uani. Delight, furaha kubwa, limetoka Kifaransa delit na halihusiani na nuru. Lilivishwa gh katika karne ya 16 kwa kufanana na light. Haughty, mwenye kiburi, limetoka Kifaransa haut, juu, likapewa gh kwa namna hiyohiyo. Na light lenyewe ni maneno mawili: la nuru na la wepesi, mizizi tofauti iliyogongana. Lile la wepesi ni ndugu wa lung, pafu, kiungo chepesi mwilini mwa mnyama.

Je, gh ifutwe? Wamarekani wamejaribu. Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, aliunga mkono plow badala ya plough, na hilo lilishika. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliiagiza idara ya uchapaji ya serikali itumie orodha ya maneno 300 ya tahajia nyepesi, yakiwemo tho na thru. Bunge likapinga, magazeti yakapiga kelele, naye akaliacha jambo hilo kabla mwaka haujaisha. Sisi tulifanya kinyume na Waingereza, tukafuata mdomo. Maandishi ya mwanzo wa karne iliyopita yana khabari, khatari na khasa. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, imetupatia habari, hatari na hasa. Mtoto wetu husoma kwa urahisi, nami nashukuru. Lakini gharama ipo: asili ya habari imejificha, na h mbili za asili mbalimbali zimekuwa moja. Gh tuliibakiza, ingawa bara wengi husema luga na gafla, kama Waingereza wa karne ya 16 walivyoanza kusema nait.

Maoni yangu ni kwamba Kiingereza kiachwe na gh yake. Kuifuta kungevunja undugu wa draw na draught, wa owe na ought, wa teach na taught, na kingebaki hicho cha kukariri tunachokilalamikia. Kinachotakiwa kubadilika ni ufundishaji.

Ningependa kipindi cha kwanza kiwe cha igh peke yake, maneno kumi, yote yenye ai. Cha pili kiwe cha jozi, fly na flight, weigh na weight, na mwanafunzi aulizwe ni nini kimeongezeka katika maana. Cha tatu kiwe cha vitenzi vya aina ya thought, catch ikiachwa mwisho na hadithi yake. Maneno ya f yakusanywe mahali pamoja kwa sababu ni machache, na yasomwe kwa sauti, yakiigizwa: cheka, kohoa, papasa ukuta usio laini. Though, through, bough na wenzake yaje baada ya hayo yote, kila moja ndani ya sentensi yake. Delight na haughty yangoje wanafunzi wakubwa, wanaoweza kufungua kamusi wenyewe na kugundua kwamba gh zake ni za kuazima.

Mwenye swali, awe mwalimu au mwanafunzi, na asimame.